Ukanda wa Ngozi na Seng'enge

Katika masimulizi ya Wamaasai, watu walipanda na ng'ombe walishuka. Watu walikuwa wakiishi katika bonde lenye kingo kali huko kaskazini, Endikir e Kerio, na kiangazi kilipowazidi wakatengeneza daraja la kuwapandisha hadi kwenye malisho mabichi yaliyokuwa juu. Kundi moja lilipokwisha kuvuka, daraja likavunjika, na waliobaki chini wakawa mababu wa mataifa mengine. Ng'ombe nao waliteremshwa na Enkai, yaani Mungu, kutoka mbinguni kwa ukanda mrefu wa ngozi. Simulizi hizi mbili huhadithiwa kila moja peke yake, na vitabu huziweka katika sura tofauti, ya kwanza kama historia ya uhamaji na ya pili kama hadithi ya uumbaji. Zisome pamoja, utaona zinashikana. Watu wanatoka chini, ng'ombe wanatoka juu, wanakutana kwenye nyasi.

Nyasi hizo ndizo kitovu cha imani yote, kuliko mlima, kuliko mti, na naweza kusema kuliko ng'ombe mwenyewe. Anayetaka amani hung'oa unyasi na kuushika mkononi, na mgomvi akiuona hushusha fimbo. Wanawake wanaoomba mvua hufunga nyasi kwenye nguo zao. Kuchimba ardhi na kuipasua kulichukiwa tangu zamani, kwa kuwa aliyeipasua ardhi amewaondolea ng'ombe chakula alichowaandalia Enkai.

Nayaandika haya nikiitazama Kajiado, hasa nyanda za Wakaputiei, tawi mojawapo la Wamaasai, zinazoanzia mpakani mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kupitia Kitengela na Isinya, kuelekea kusini. Watu wengi wanaoandika kuhusu dini ya kale ya Wamaasai huuliza kama Ukristo umeiua. Naona swali hilo linatuelekeza pasipo. Enkai aliingia kanisani akapokelewa, na bado anaitwa kwa jina lake. Kilichoitikisa imani hii kwenye mizizi ni kukatwakatwa kwa ardhi, na ili kulielewa jambo hilo inabidi kwanza tusikilize vizuri simulizi zenyewe zinasema nini.

Simulizi kamili zaidi iliyoandikwa mapema ni ile aliyoichapisha Alfred Claud Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1905. Naiteru-kop, mwanzilishi wa dunia, alipokuja kuitengeneza nchi alikuta Mtorobo, yaani mwindaji, akiishi pamoja na ndovu na nyoka. Baadaye Mtorobo akapata ng'ombe. Akamuua nyoka kwa sababu pumzi yake ilimwasha mwili, kisha akamuua ndovu kwa sababu alikuwa akiyavuruga maji. Mtoto wa ndovu akakimbia hadi nchi nyingine, akamweleza Mmaasai yaliyotokea. Mmaasai huyo, Leeyio, akaenda kujionea. Usiku akamsikia Naiteru-kop akimwagiza Mtorobo aje kesho asubuhi apewe kitu. Leeyio akaamka kabla ya mwenzake, akaenda yeye.

Akaambiwa ajenge boma kubwa la miiba, atafute ndama mwembamba amchinje, asiile nyama yake, aifunge ndani ya ngozi, kisha awashe moto mkubwa na kuitupa nyama humo. Baada ya hapo ajifiche kibandani, na akisikia kishindo kama cha ngurumo asishtuke. Akafanya hivyo. Ukanda wa ngozi ukateremka kutoka juu na ng'ombe wakaanza kushuka bomani, mmoja baada ya mwingine, hadi wakasongamana na kukisukuma kibanda alimojificha. Leeyio akashtuka, akapiga ukelele. Alipotoka nje akakuta ukanda umekatika. Akaulizwa kama hao waliofika watamtosha, maana hatapata wengine.

Hapo ndipo simulizi hii inaponigusa. Ng'ombe hawakuisha mbinguni. Walikoma kushuka kwa sababu ya mshtuko wa mtu mmoja aliyekwisha kuonywa asishtuke. Wamaasai husemwa kwamba wanaamini ng'ombe wote duniani ni mali yao, na kauli hiyo imetumiwa tangu enzi za ukoloni kuwaita wezi. Wanaoikariri hawafiki mwisho wa hadithi. Hadithi yenyewe inamfundisha mchungaji kwamba alichonacho ni sehemu tu ya kile alichokusudiwa, na kwamba mkono unaotoa unaweza kujirudisha. Kwa jamii inayoweza kupoteza nusu ya mifugo yake katika mwaka mmoja wa ukame, hayo ni mafundisho ya kweli kabisa.

Simulizi hiyo haipo kwa umbo moja. Watu wengi leo husimulia habari za Maasinta, Mmaasai wa kwanza, aliyeteremshiwa ng'ombe hadi Mtorobo alipofoka kwa mshangao, au, kwa wengine, alipoukata ukanda kwa mshale kwa wivu. Mshtuko umehamishwa kutoka kwa Mmaasai ukabebeshwa mwindaji. Hadithi ya uumbaji ina siasa ndani yake, na njia rahisi ya kuiona ni kuangalia lawama inatua kwa nani. Kwa Leeyio, Mmaasai alipata ng'ombe kwa kumtangulia mwenzake na akawapoteza kwa woga wake mwenyewe. Kwa Maasinta, mwindaji hana ng'ombe kwa kosa lake, na kwa hiyo umaskini wake ni haki. Ukizingatia kwamba jina hilo la Torobo limetumiwa kumdharau kila asiye na mifugo, utaelewa kwa nini namna ya pili imeenea zaidi ya ile ya kwanza.

Ipo pia ile ya wana watatu waliopewa wachague: mmoja akachukua mkuki akawa Mmaasai, mwingine upinde akawa Mkamba, wa tatu mti wa kulimia akawa Mkikuyu. Hao watatu leo wanagawana ukuta mmoja wa ploti Kitengela, na kila mmoja ana namna yake ya kuisimulia.

Wanawake nao wana hadithi yao. Naomi Kipury, mtafiti Mmaasai, aliyekusanya fasihi simulizi ya watu wake katika kitabu kilichotoka mwaka 1983, ni miongoni mwa waliotuhifadhia simulizi za namna hii. Zamani wanawake walikuwa na mifugo yao, nayo ilikuwa pofu, nyati, punda milia na swala. Asubuhi moja mnyama alichinjwa, na kila mama akataka mtoto wake abaki nyumbani aonje figo. Hakuna aliyekwenda kuchunga. Wanyama wakatawanyika porini na hawakurudi, na wanawake wakahamia kwa wanaume na kuwa chini yao. Bila shaka simulizi hii inamtetea mwanamume anayemiliki boma. Lakini ndani yake mna jambo lingine ambalo wahifadhi wa wanyamapori wangefaa kulisikiliza: wanyama wa mwituni hawakuumbwa wageni. Ni kundi lililopotea la nyumba ileile. Ndiyo maana kwa desturi Mmaasai hakula nyama ya mwitu, na ndiyo maana nyumbu na ng'ombe walilisha pamoja katika nyanda za Kitengela bila mtu kuona ajabu.

Kifo nacho kilikuja kwa kosa la ulimi. Naiteru-kop alimwagiza Leeyio kwamba mtoto akifa aseme mtu afe na arudi, mwezi ufe na usirudi. Mtoto wa kwanza kufa hakuwa wake, kwa hiyo Leeyio akayageuza maneno. Alipofiwa na wa kwake akayasema sawasawa, lakini ilikuwa imekwisha kuchelewa. Tangu siku hiyo mwezi hurudi na mtu harudi. Uchoyo wa nyumba moja ukawa msiba wa nyumba zote.

Sasa Enkai mwenyewe. Jina hilo ni la Mungu, ni la mvua, na ni la anga, na katika sarufi ya Kimaa lina umbo la kike. Yupo Enkai Narok, mweusi, aliye karibu na watu na mwenye kutaka kuwanyeshea. Yupo Enkai Nanyokie, mwekundu, aliye mbali na mwenye kutaka kuwaangamiza. Wazee walimweleza Hollis kwamba radi inayopasua ni mwekundu akijaribu kushuka awaue watu, na ile ngurumo nzito ya mbali ni mweusi akimzuia. Wapo walioandika kwamba hii ni miungu miwili. Wamaasai wengi husema ni mmoja mwenye nyuso mbili, na anayeishi Kajiado anaelewa kwa nini: wingu jeusi linaleta uhai, na anga jekundu la vumbi la Septemba linaua. Rangi hizo mbili zimeshuka hadi kwenye ukoo. Wamaasai wote wamegawanyika katika nusu mbili, Odomong'i wa ng'ombe wekundu na Orok Kiteng wa ng'ombe weusi, wanaosemekana kutoka katika nyumba mbili za wake wawili wa baba wa kwanza, mmoja upande wa kulia wa lango la boma na mwingine upande wa kushoto. Mbingu, ng'ombe na ukoo vimepakwa rangi zilezile.

Wafugaji wa mbali sana na hapa walifikia mawazo yanayokaribiana na haya. Katika bonde la mto Orkhon, Mongolia, limesimama jiwe la ukumbusho wa Kul Tigin, mwana wa mfalme wa Waturuki wa kale, lililowekwa mwaka 732. Maandishi yake yanaueleza mwanzo wa dunia kwa ufupi mkubwa: mbingu ya buluu iliumbwa juu, ardhi ya rangi ya udongo chini, na binadamu kati yake. Tengri, kama Enkai, ni jina la Mungu na la anga kwa pamoja. Chini yake yuko Umay, mlinzi wa uzazi na watoto, na zipo nguvu za ardhi na maji ambazo hazigawanyiki. Katika milima ya Altai na nchi ya Watuva, msafiri anayefika juu ya njia huongeza jiwe kwenye lundo la mawe matakatifu. Kajiado na kote Umaasaini, wafu wa kawaida walikuwa wakiachwa nyikani, lakini mtu mkubwa, hasa oloiboni, yaani kiongozi wa ibada na uaguzi, alizikwa na kufunikwa mawe, na kila apitaye akaongeza lake.

Mfanano huo usitudanganye. Tofauti ndizo zenye mafunzo zaidi. Katika simulizi za Altai, mwanzoni palikuwa na maji tupu. Ülgen, muumba, anahitaji udongo, na unaletwa kutoka kilindini na mwenzake anayepiga mbizi, Erlik, ambaye anaficha kidogo mdomoni na kidogo hicho kinakuwa mabwawa na matope. Kwao maji yalizidi na ardhi ikakosekana. Kwa Wamaasai ardhi ipo tayari hadithi inapoanza. Hakuna anayeiumba kwa taabu, hakuna anayeigawa. Kinachokosekana ni maji na ng'ombe, na vyote viwili vinatoka juu. Kila jamii ilianzia uumbaji wake kwenye kile ilichokiogopa kukikosa.

Je, ibada hii ni kuabudu maumbile? Neno hilo lilipendwa na wamishonari na wanazuoni wa zamani, na John Mbiti, aliyezaliwa Kitui, alilipinga kwa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Kwake Waafrika wanamwabudu Mungu mmoja, na mlima au mti ni mahali pa kumkutia. Okot p'Bitek wa Uganda akamjibu mapema miaka ya 1970 kwamba wasomi Wakristo wa Kiafrika wanaivalisha miungu ya mababu zao kanzu za Kigiriki na Kikristo ili ionekane ya heshima mbele ya Ulaya. Mimi nasimama karibu na p'Bitek kwa nusu ya jambo hili. Ni kweli Mmaasai hausujudii mti. Lakini kusema mti ni mahali tu pa kukutania, kama jengo ambalo lingeweza kuhamishiwa kwingine, ni kupunguza kile kinachofanyika pale.

Tuutazame mti wenyewe, oreteti, wa jamii ya mkuyu, ndugu wa mugumo wa Wakikuyu. Mara nyingi huanza maisha juu ya mti mwingine, mbegu ikiwa imeangushwa na ndege kwenye panda la tawi. Mizizi inashuka hewani taratibu, inafika ardhini, inanenepa, inaushika mti ulioubeba hadi baada ya miaka mingi huoni tena ule wa kwanza. Ukisimama chini yake kwenye nyanda kavu, utakuta baridi isiyo na maelezo mengine zaidi ya kivuli kizito na majani yasiyokauka kiangazi. Shina limejaa mikunjo na mashimo, na humo ndimo watu husokota nyasi mbichi. Maziwa humiminwa kwenye mizizi, na pombe ya asali kwa sherehe kubwa. Baadhi ya wazee husimulia kwamba ng'ombe walishuka kwa mizizi ya oreteti, ile inayoning'inia, na wala si kwa ukanda wa ngozi. Mti unaoanzia juu na kushuka hadi chini, kisha ukabaki kijani wakati kila kitu kimekufa, unaionyesha hadithi yote kwa macho. Ukiukata huwezi kuchagua mwembe wa jirani uchukue nafasi yake.

Lakini ibada ya kila siku haihitaji hata mti. Ni ya wanawake. Mama anayetoka kukamua alfajiri hunyunyiza matone ya kwanza ya maziwa kwa kifuniko cha kibuyu, kuelekea pande zote na juu, akitaja watoto, mifugo na mvua. Wanawake ndio wanaotoka kwa makundi kuomba uzazi, na wanaume hawathubutu kuwazuia njiani. Dorothy Hodgson, aliyewachunguza Wamaasai wa Tanzania, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba wanawake ndio waliojaza makanisa pia, huku wamishonari wakihangaika kuwatafuta wanaume. Wale ambao hadithi ya figo inawanyima kila kitu ndio wanaoibeba dini mabegani, kabla ya kanisa na ndani yake.

Milima ina nafasi yake. Oldoinyo Lengai, upande wa Tanzania karibu na Ziwa Natron, ni volkano hai inayotoa lava ya aina ya pekee duniani, yenye madini ya kaboneti, nyeusi inapotoka na nyeupe baada ya kupigwa na unyevu. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007, na hadi leo wanawake wasiopata watoto huenda kuomba chini yake. Kajiado ina Oldoinyo Orok unaoinamia mji wa Namanga, na ina Ngong, ambako simulizi husema wapiganaji wa ukoo wa Ilaiser walimwokota mtoto Kidongoi, mwanzilishi wa ukoo wa maoloiboni waliomzaa Mbatian na mwanawe Olonana. Kilima hichohicho ni kimojawapo cha milima minne ya Mungu ambayo Jomo Kenyatta aliitaja kwa upande wa Wakikuyu katika kitabu chake cha mwaka 1938. Majirani wawili waliopigania malisho na mashamba waliugeukia mlima mmoja, na jina la Mungu wakalitumia kwa matamshi yanayokaribiana, Enkai na Ngai.

Tunalazimika pia kuuliza ni nani aliyetuandikia haya. Johann Ludwig Krapf aliandika habari za Neiterkob, yule Naiteru-kop wa Hollis, katika miaka ya 1850 bila kufika Umaasaini kwenyewe, akitegemea maelezo aliyoyapata akiwa pwani. Moritz Merker, kapteni wa jeshi la Kijerumani huko Moshi, alichapisha mwaka 1904 kitabu kikubwa kilichodai Wamaasai ni wa asili ya Kisemiti, kikiwa na hadithi za gharika, safina na upinde wa mvua zinazofanana mno na kitabu cha Mwanzo. Hollis, aliyechapisha kitabu chake mwaka mmoja tu baadaye, hana hadithi hizo. Wanazuoni wengi wanazitilia shaka za Merker, nami pia. Huko Altai mambo yalikuwa hayohayo: waliokusanya simulizi za Ülgen na Erlik katika karne ya 19 walifanya hivyo wakati misheni ya Kiorthodoksi, iliyoanzishwa 1830, ilikuwa ikibatiza watu wa pale, na mmojawapo wa wakusanyaji wakubwa, Verbitsky, alikuwa mmishonari. Mzee anayeulizwa na mtu mwenye Biblia mkononi husimulia kwa namna ya kumjibu. Hata hivyo, simulizi za Merker zimerudi nyumbani. Wapo vijana wa Kajiado wanaozisoma mtandaoni na kuzishika kama ushahidi kwamba mababu zao walimjua Mungu wa Israeli. Hilo nalo sasa ni sehemu ya imani, na mtafiti hana haki ya kuwanyang'anya, ingawa ana wajibu wa kusema zilikotoka.

Kuhusu kanisa sitakaa sana. Africa Inland Mission ilianza kazi miongoni mwa Wamaasai mwanzoni mwa karne ya 20 na kwa miongo mingi ilivuna kidogo. Vita vikubwa vilikuwa juu ya elimu, tohara ya wasichana na umorani, na juu ya Mungu vilikuwa vichache. Watafsiri walipofika kwenye jina la Mungu walimkuta Enkai, wakamwandika. Biblia Sinyati, Biblia nzima kwa Kimaa, ilitoka mwaka 1991, na Jumapili ukipita karibu na kanisa lolote kati ya Isinya na Bissil utasikia jina lilelile lililotajwa na mama mwenye kibuyu alfajiri. Kilichopotea ni yule mwekundu, ambaye wahubiri wengi wamempa jina la shetani. Hiyo ni hasara, kwa sababu Enkai Nanyokie hakuwa mwovu. Alikuwa Mungu katika hali ya ghadhabu.

Seng'enge, yaani kukatwakatwa kwa ardhi, ni jambo jingine. Mikataba ya kikoloni ya 1904 na 1911 iliwaondoa Wamaasai Laikipia na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, na hofu ya kupokonywa tena haikuwatoka. Sheria ya mwaka 1968 ya ardhi za vikundi ilipokuja, Wakaputiei walikuwa miongoni mwa wa kwanza kusajili ranchi za pamoja. Ndani ya miaka 20 ranchi hizo zilianza kugawanywa, na ya Kitengela ikawa kati ya zilizotangulia. Sitaki kumlaumu mzee aliyedai hatimiliki yake. Aliona wakubwa wakijimegea vipande, aliona wanakamati wakiandikisha watoto wao wasiozaliwa, akataka karatasi yenye jina lake. Karatasi hiyo ilisomesha watoto. Pia ilimfungulia mlango wa benki, na kwa wengi mlango wa kuuza. Eneo la viwanda vya kuuza nje la Athi River lilivuta wafanyakazi waliohitaji pa kulala, na idadi ya watu wa kaunti ikapanda kutoka 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840 mwaka 2019.

Kwa imani, mambo yalikwenda hivi. Mvua ya Kajiado hainyeshi sawasawa. Inapiga upande wa Konza leo, inaruka Isinya, inanyesha Mashuuru wiki ijayo. Enkai mweusi anatoa vipande vipande, na jibu la mchungaji tangu zamani lilikuwa kumfuata. Kuhama kulikuwa ndiyo namna ya kupokea baraka, na aliyenyeshewa aliwajibika kumkaribisha ambaye hakunyeshewa, kwa kuwa nyasi hazikuwa zake. Katika simulizi zote nilizozitaja, Enkai anatoa ng'ombe, anatoa mvua, anatoa wana na vifaa vyao vya kazi. Hampi mtu ardhi kwa mipaka. Waya ukishawekwa, mvua iliyonyesha kwa jirani inabaki kwa jirani, na maombi ya pamoja yanakosa kitu cha pamoja cha kuombea. Mwaka 2009, na tena katika ukame mrefu wa 2020 hadi 2023, ng'ombe wengi walikufa, na wenye ploti ndogo za nyasi ndio walioshindwa mapema kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Nyumbu waliokuwa wakitoka mbugani kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970 wamebaki wachache sana. Kundi la wanawake, lile la kwenye hadithi, limepotea mara ya pili, na safari hii hakuna figo ya kulaumu.

Majaribio ya kurekebisha yalifanyika. Tangu mwaka 2000 ulikuwapo mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela kwa kila ekari ili wasiweke ua wala kuuza, na familia nyingi zilikubali. Mpango huo uliilinda njia ya wanyama kwa kiasi. Lakini kodi ya ekari hailindi oreteti uliobaki ndani ya ploti ambayo mnunuzi wake anataka kujenga nyumba za kupangisha, wala haimpi mama njia ya kuufikia.

Sherehe kubwa bado zinaonyesha kinachowezekana. Septemba 2020 maelfu ya wanaume walikusanyika kwenye vilima vya Maparasha kwa ajili ya olng'esherr, sherehe ya kuliingiza rika katika uzee, ambayo pamoja na sherehe nyingine za rika, enkipaata na eunoto, iliwekwa na UNESCO mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mkusanyiko wa namna hiyo hauingii kwenye ploti ya ekari moja ya nane. Unahitaji uwanda, maji, kuni na nyasi za maelfu ya watu na mafahali, tena kila baada ya miaka mingi, katika mahali ambapo wazee wamepakubali. Jirani zao wa Loita, huko Narok, walielewa hili mapema: miaka ya 1990 walisimama kidete kuukinga msitu wa Naimina Enkiyio, ulio na miti yao ya maombi, usichukuliwe na baraza la kaunti kwa ajili ya utalii. Pwani, kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zilianza kutangazwa kuwa turathi za taifa miaka ya 1990, na mwaka 2008 zikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, huku wazee wa kaya wakibaki na funguo.

Sheria ya turathi ya mwaka 2006 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 zinatosha kufanya vivyo hivyo Kajiado. Mti mmoja mmoja unaweza kuorodheshwa pamoja na njia ya kuufikia. Uwanja wa sherehe unaweza kutolewa kwenye ramani kabla mpimaji hajafika, kama inavyotolewa nafasi ya shule na ya zahanati. Ranchi zilizobaki kusini na magharibi mwa kaunti bado zinagawanywa, na katika kila kamati wanakaa wazee wanaojua ni oreteti upi uliombewa na baba zao. Hao ndio wa kuulizwa kwanza, pamoja na akina mama wanaoujua zaidi yao, wakati vigingi bado havijapigwa.